Mji wa Kale, kiwanja Bamburi au fleti Tudor: nyumba ipi Mombasa utaweza kuitunza?

Mdogo wangu yuko Doha mwaka wa tisa sasa. Aliporudi likizo mwezi wa Shaaban alikuwa na akiba, mke, watoto wawili, na picha za nyumba tatu kwenye simu. Ya kwanza ni ya ghorofa moja Mji wa Kale, yenye mlango wa nakshi na roshani ya mbao inayotazama kichochoro. Ya pili ni nyumba ya chini ya vyumba vitatu Bamburi, imekaa juu ya kiwanja chake, na uani kuna miembe miwili. Ya tatu ni fleti ghorofa ya tano Tudor, yenye lifti, jenereta na mlinzi getini. Bei zilikuwa zinakaribiana. Akaniuliza, "Kaka, ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

Nikamrudishia swali ambalo hakuna dalali aliyemuuliza. Dari ikianza kuvuja, nani ana haki ya kukuamrisha uitengeneze? Kwa vifaa gani, kwa kibali cha nani, na kwa pesa za nani? Nyumba zote tatu zimo kaunti moja, lakini majibu yake ni mbalimbali kabisa. Tulikaa siku tatu tukiyapanga upande kwa upande, na nimeona niyaandike kwa sababu kila wiki kuna mtu wa Mombasa anayelipa arubuni kabla ya kuyajua.

Yanayokufuata kokote utakakonunua

Tangu 2013 kaunti ndiyo inayofanya kazi nyingi zilizokuwa za manispaa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi uzoaji taka, maji taka, mitaro ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, upangaji wa mji, zimamoto, na udhibiti wa kero za umma. Kwa hivyo ukiwa Kibokoni kule Mji wa Kale, Bamburi au Tudor, Bwana Afya anaweza kukubishia hodi, na ana haki hiyo.

Sheria anayokuja nayo ni kongwe: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Sheria hiyo huita kero nyumba iliyo chafu au mbovu kiasi cha kudhuru afya, choo kinachofurika, taka zilizorundikana, na maji yaliyotuama ambayo mbu wanaweza kuzaliana ndani yake. Utaratibu wake ni wa hatua. Kwanza hutolewa notisi ya maandishi inayotaja kazi ya kufanywa na muda wake. Ukiipuuza unapelekwa mahakamani, na mahakama inaweza kukutoza faini na kuamuru kazi ifanyike. Kaunti ikiifanya yenyewe, gharama unadaiwa wewe. Basi notisi si ya kutia mkobani ukangoja. Isome siku hiyohiyo, uone inataka nini na lini, na ukihitaji muda zaidi uombe kwa barua yenye tarehe.

Kuna watu wanaodharau habari ya makopo na matairi yaliyojaa maji uani. Wakumbuke homa ya dengue iliyotusumbua Mombasa 2013 na 2014, kisha chikungunya iliyoingia mwisho wa 2017 ikaendelea 2018. Mbu wanaoleta maradhi hayo huuma mchana na huzaa kwenye maji safi yaliyotulia: tangi lisilo na kifuniko, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, kopo lililosahauliwa nyuma ya jiko. Hapa nyumba zetu tatu zinaanza kuachana. Mji wa Kale hatari iko kwenye matangi ya juu ya paa na kwenye visima vya zamani. Bamburi iko uani kote. Kwenye fleti iko kwenye tangi la wote, ambalo wewe huna ufunguo wake.

La mwisho linalowahusu wote ni kodi ya ardhi ya kaunti. Kaunti hutoa cheti kinachoonyesha kwamba kodi hiyo haidaiwi. Deni la mwenye nyumba wa zamani hukukuta wewe mlangoni, kwa hivyo cheti kitafutwe kabla ya pesa kutoka.

Mji wa Kale: milango miwili ya kubisha

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndipo tulipozaliwa na ndipo wanunuzi wengi wanapokosea.

Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndiyo inayoangalia yanayofanyiwa nyumba zake. Juu yake kuna Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Bamburi ukitaka kung'oa dirisha la mbao utie la alumini, unamwita fundi na kazi imekwisha. Mji wa Kale unapeleka mchoro kwanza. Sura ya nje ya nyumba, yaani roshani, mlango, madirisha ya vibao, kimo chake, hata bango la duka lililo chini, ni mambo ambayo watu wengine nao wana kauli. Ukitaka kuongeza ghorofa, jiandae kukataliwa.

Wengi huliona hilo kama usumbufu. Mimi pia niliona hivyo mpaka nyumba ya marehemu bibi yetu ilipotufundisha. Kuta zake, kama za jirani zake, ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu unaopanda kutoka chini hupita kwenye plasta ya chokaa ukatoka nje taratibu. Tulileta fundi hodari wa nyumba za kisasa, akakwangua chokaa yote ya ukumbini akapiga plasta ya saruji, laini kama kioo. Ukuta ulipendeza Idi mbili. Baada ya masika ya pili ukaanza kutoa unga mweupe wa chumvi, kisha plasta ikafura, na ilipobanduka iling'oka na jiwe mgongoni. Saruji ilikuwa imefungia unyevu ndani. Tulilipa mara mbili, na mara ya pili tulilipa zaidi, kwa sababu ilibidi jiwe lenyewe litibiwe kabla ya kurudisha chokaa. Ofisi ya hifadhi inapokwambia chokaa, basi, inakulinda na hasara ambayo fundi wa kawaida haioni.

Dari nazo hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haizidi sana mita tatu kwa urefu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Huanza kuoza kwenye ncha iliyoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki, kwa hivyo mnunuzi mwerevu hupanda na fundi mwenye nyundo ndogo akagonga boriti moja moja karibu na ukuta, akisikiliza sauti. Kuzibadilisha si kazi ya siku moja, na upatikanaji wake hutegemea sheria za misitu. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, wakataji mikoko wa Lamu waliguswa moja kwa moja, na mafundi wetu wakabaki kutafuta boriti kwa tochi. Mafundi wenyewe ni wachache. Anayejua kuchoma chokaa, kuiloweka majuma kadhaa na kuipaka tabaka baada ya tabaka, humpati kwa simu ya asubuhi. Unamngoja.

Kisha kuna jambo ambalo halimo katika sheria yoyote ya ukarabati lakini ndilo linaloziangusha nyumba hizi kuliko mvua: mirathi. Nyumba ya babu ina warithi kumi na wanne, wengine Oman, wengine Dubai, wengine hawajulikani waliko. Hakuna anayetaka kutoa pesa za boriti kwa nyumba ambayo fungu lake ni chumba kimoja cha juu. Bwana Afya akileta notisi, anaipokea yule aliyebaki mle ndani, mara nyingi shangazi mzee asiye na uwezo. Ukiinunua nyumba kama hiyo kutoka kwa mrithi mmoja, umenunua ugomvi. Hakikisha mirathi imepitia kwa Kadhi na kila mrithi ametia sahihi. Na uulize waziwazi kama nyumba au sehemu yake ni wakfu, kwa kuwa wakfu hauuzwi kama mali ya mtu, na Sheria ya Wakfu ya 2022 ina utaratibu wake.

Baada ya kusema yote hayo, sijui nyumba nyingine Mombasa inayokaa baridi mwezi wa Februari bila umeme. Kuta nene, kichochoro chenye kivuli, msikiti hatua thelathini. Mwenye kuishi humo kila siku huona ufa ukiwa uzi na kuuziba. Mwenye kuifunga miezi kumi na moja huurudia ufa ukiwa mlango.

Kiwanja chako: uhuru, na mzigo wote juu yako

Bamburi hakuna ofisi ya hifadhi wala kamati ya jirani. Ukitaka kupaka rangi ya zambarau, paka. Mipaka ya uhuru huo ni miwili: usiwe kero kwa jirani, na usijenge bila kibali.

La kibali watu hulichukulia wepesi. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kuanza ujenzi, na anayeanza bila hicho anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kupaka rangi na kubadilisha bomba ni utunzaji. Kugeuza gereji kuwa chumba cha kupangisha, kuinua ukuta wa ua, au kumwaga zege la ghorofa ya juu ni ujenzi. Ikiwa una shaka, uliza ofisi ya upangaji ya kaunti kwa maandishi, na ada zake uzitazame kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo, maana hubadilika. Sheria hiyohiyo inamhurumia mwombaji kwa jambo moja zuri: asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Lakini hilo litakufaa tu ukiwa na stakabadhi yenye muhuri na tarehe uliyopeleka maombi. Na ukipewa notisi ya kusimamisha au kubomoa unayoona si ya haki, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya upangaji. Nimewaona watu wakizimaliza siku hizo wakimtafuta mtu wa kuwasaidia pembeni.

Mzigo mkubwa wa Bamburi uko chini ya ardhi. Mfereji wa maji taka wa mji haufiki sehemu nyingi za upande wa kaskazini, kwa hivyo kila nyumba ina shimo lake. Shimo la maji taka likifurika njiani, ni kero ya mwenye nyumba na hakuna wa kugawana naye lawama. Uliza limejengwa wapi, lilinyonywa lini mara ya mwisho, lori la kunyonya linaweza kulifikia, na liko umbali gani na kisima. Miembe ile miwili tuliyoipenda kwenye picha, mmoja ulikuwa umesimama karibu na shimo, na mizizi ilikwisha kuupasua ukuta wake. Hilo halikuwa kwenye tangazo.

La pili ni chumvi. Upepo wa bahari na maji ya kisima yenye chumvi hula nondo ndani ya zege. Utaona alama ya kutu darini, kisha zege linachomoza na kudondoka vipande. Ukikuta nyumba ya pwani ambayo zege lake lilichanganywa na maji ya kisima cha hapohapo, punguza bei au uondoke. Na kwenye ukarabati wako mwenyewe mwambie fundi atumie maji matamu, hata kama itabidi ununue ya lori la maji.

Mitaro ya barabarani ni ya kaunti. Maji yanayotoka kwenye paa lako ni yako, na ukiyaelekeza kwa jirani umeanzisha kesi. Taka nazo ukizirundika nje ya geti zikatawanywa na mbuzi, wanaoitwa ni wenye nyumba, sio mbuzi.

Kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa kwa sababu ni wetu hasa, Mombasa. Dalali huyohuyo alimpeleka mdogo wangu Kisauni kumwonyesha nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma, kwa bei nusu ya zile tatu. Ilikuwa nyumba bila ardhi. Unanunua kuta, paa na milango, lakini ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi au kila mwaka unampelekea kodi ya kiwanja. Familia nyingi za heshima zimeishi hivyo tangu enzi za mababu, na historia yake inarudi kwenye sheria ya hatimiliki ya 1908 na namna ardhi ya pwani ilivyoandikishwa kwa wachache. Siwezi kuwalaumu. Lakini kwa upande wa utunzaji, mwenye nyumba hiyo amebanwa pande zote: kaunti inamtaka arekebishe choo, na kibali cha kujenga choo kipya kinataka hati ya ardhi ambayo hana. Lazima amwombe mwenye ardhi, na mwenye ardhi akiwa anataka kuuza kwa mjenzi wa maghorofa, hataki nyumba hiyo iimarike. Benki haikopeshi kwa nyumba isiyo na ardhi. Nilimwambia mdogo wangu aifute kwenye orodha.

Fleti: jirani zako ndio serikali yako

Fleti inaonekana rahisi. Kuna mlinzi, kuna mfagiaji, unafunga mlango ukaenda Doha. Urahisi huo unaendeshwa na chombo kimoja, na hicho ndicho unachonunua hasa.

Sheria ya Fleti na Majengo ya Pamoja ya 2020, iliyoanza kutumika Disemba mwaka huo, inasema jengo likisajiliwa, wenye fleti wote huwa shirika moja. Shirika lina bodi, lina kanuni zake, na lina wajibu wa kutunza sehemu za pamoja: paa, ngazi, lifti, mabomba makuu, tangi, ua. Ndilo linaloweka bima ya jengo na ndilo linalotakiwa kutii notisi ya kaunti kuhusu jengo. Kila mwenye fleti huchangia kulingana na fungu lake, na michango isiyolipwa ni deni linaloweza kudaiwa kisheria. Ndani ya fleti yako, kazi ni yako.

Kabla ya sheria hiyo, fleti nyingi ziliuzwa kwa ukodishaji wa miaka mingi na kampuni ya usimamizi ndiyo iliyoshika hati ya ardhi, mara nyingine ikiwa mikononi mwa mjenzi mwenyewe. Sheria iliagiza zigeuzwe. Nyingine bado hazijageuzwa. Tofauti kwa mnunuzi ni kubwa: kwenye jengo lililosajiliwa una hatimiliki ya fleti yako na kura katika shirika. Kwenye lisilogeuzwa unaweza kukuta anayepanga sevisi chaji, yaani ada ya kutunza jengo, ni mtu ambaye huwezi kumwondoa.

Nimewahi kupanga kwenye jengo la ghorofa nane, silitaji, ambalo lifti ilikaa miezi saba bila kazi. Pesa za kuitengeneza zilikuwa zinahitajika kutoka kwa wenye fleti wote, na wa ghorofa ya chini walikataa kuchanga kwa kuwa hawaipandi. Bibi mmoja wa ghorofa ya saba alikuwa akipumzika kwenye ngazi mara tatu kabla ya kufika kwake. Hakuna ofisi ya kaunti iliyokuja kuitengeneza lifti hiyo, na haikuwa kazi yake. Jengo zuri lenye shirika bovu huchakaa kuanzia juu: kwanza paa, kisha pampu, kisha heshima.

Kanuni za ndani nazo zisomwe mstari kwa mstari. Je, waruhusiwa kuanika nguo kwenye roshani? Kufunga mtambo wa baridi ukutani? Kupangisha kwa wageni wa siku mbili? Kuchinja uani sikukuu ya Idi? Kwenye fleti majibu hutoka kwa jirani zako, na yanaweza kubadilishwa mkutanoni wakati wewe uko Doha. Piga kura kupitia wakala, lakini piga.

Dari moja ikivuja kwenye nyumba tatu

Hebu tuchukue tatizo lilelile. Ni Mei, masika imekolea, na doa la maji limetokea darini juu ya kitanda.

Mji wa Kale unampigia fundi wa chokaa, naye anakuja baada ya wiki. Anagundua boriti mbili zimeoza ncha. Ndani unaweza kuanza kuzitegemeza mara moja, lakini kwa kuwa kazi itagusa paa na ukuta wa nje, unapeleka habari ofisi ya hifadhi na ya kaunti. Kazi nzima huchukua miezi. Gharama ni kubwa na ni yako peke yako, na ukiifanya sawasawa wajukuu wako hawatairudia.

Bamburi unapanda juu mwenyewe Jumamosi. Unakuta ufa kwenye zege, unanunua dawa ya kuzuia maji, fundi anamaliza jioni. Ni haraka na ni nafuu. Hatari ni moja: kwa kuwa hakuna anayekuuliza, unaweza kuziba doa miaka kumi bila kutazama nondo iliyo chini yake.

Tudor unamwandikia msimamizi. Ikiwa maji yanatoka paani, shirika linalipa na wewe unangoja. Ikiwa yanatoka bafuni kwa jirani wa juu, analipa yeye, na mnaanza kubishana bomba ni la nani. Sheria ina nafasi ya kamati ya ndani ya shirika ya kusuluhisha migogoro, uliza inavyoundwa kabla hujaihitaji. Gharama yako kwa tukio hili ni ndogo kuliko za wenzako wawili. Usemi wako pia ni mdogo.

Rangi ya nje nayo inafundisha. Mwaka 2018 kaunti yetu iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na ukingo wa buluu. Mwenye nyumba ya ghorofa moja alilipia nyumba nzima kutoka mfukoni mwake. Mwenye fleti aligawana na jirani zake arobaini. Wa Bamburi aliisoma gazetini. Ukinunua karibu na barabara kuu za kisiwani, agizo la namna hiyo liweke kwenye hesabu zako, kwa sababu lililotoka mara moja laweza kutoka tena.

Sasa, ipi kwa nani

Kwa mtu anayeishi hapa, anayependa nyumba kama anavyopenda mzazi, na mwenye pesa kidogo zinazotiririka kila mwaka kuliko nyingi za mara moja, Mji wa Kale ndio jibu langu, na nalisema bila kusita. Nyumba zile zinahitaji jicho la kila siku zaidi ya zinavyohitaji utajiri. Kwa mwenye kuja na kuondoka, hapana. Nimeona roshani tatu zikianguka kwenye nyumba zilizofungwa, na kila mwenye nyumba alikuwa mtu mwema aliyekuwa mbali.

Kiwanja kinamfaa mwenye familia inayokua, anayetaka kuongeza chumba cha mama mzee au duka la mke, na aliye tayari kujua mahali shimo lake la maji taka lilipo kama anavyojua mahali mswaki wake ulipo. Uwe na hatimiliki iliyohakikiwa kwa msajili wa ardhi, na mtu wa kuaminika wa kukaa pale usipokuwepo. Ukikosa moja kati ya hayo mawili, usinunue.

Fleti ndiyo niliyomshauri mdogo wangu, kwa kuwa yuko Mombasa mwezi mmoja kwa mwaka. Lakini nilimpa sharti: asitazame vigae wala jikoni mpaka aone karatasi. Hatimiliki ya fleti yenyewe. Cheti cha kodi ya ardhi. Kanuni za shirika. Bima ya jengo ya mwaka huu. Kumbukumbu za mikutano mitatu iliyopita, ambazo humwambia mtu zaidi ya kinywa cha dalali, kwa sababu humo utaona nani hajalipa na nini kimeharibika. Na hesabu za miaka mitatu, zikionyesha kama kuna akiba yoyote iliyowekwa kwa ajili ya lifti na paa, au kama kila kinachoingia hutoka mwezi huohuo.

Muuzaji alileta hatimiliki na bima siku ya pili. Mwenyekiti wa bodi akatuma kumbukumbu za mikutano na hesabu za miaka miwili. Za mwaka wa tatu, ule walioukarabati mfumo wa pampu, bado hazijafika. Mdogo wangu amerudi Doha, arubuni iko kwa wakili, na kila Ijumaa baada ya swala humpigia mwenyekiti kuziulizia.